Kuisindikiza Mashine ya Baba

Kasisi akifika kwenye "Amina" ya mwisho, Mzee Silvanus huwa ameshatoka kwenye benchi lake, ameshaingia kile chumba kidogo cha nyuma, na mkono wake uko juu. Kabla watu hawajafunga vitabu vya nyimbo utasikia kwap! Meni swichi imeshuka. Taa, spika, amplifaya, kila kitu chenye waya kimekatwa. Ndipo anapotoka akitabasamu kama mtu aliyefunga zizi na mifugo yote imo ndani.

Simlaumu, ingawa nimemlaumu sana. Kanisa letu la Mwanda limekaa mgongoni mwa kilima, na radi hulijua kwa jina. Nikiwa msichana mdogo iliingia kwa waya, ikachoma amplifaya mpya, ikapasua ukuta, na mbuzi wa jirani aliyejikinga mvua chini ya dirisha akafa papo hapo. Wazee wakapitisha kwamba ibada ikiisha, na hata kabla haijaisha ikisikika ngurumo, umeme ukatwe kwenye meni. Silvanus, mhudumu wa kanisa, akakabidhiwa kazi hiyo. Ameifanya kwa uaminifu mpaka nikawa namwombea uzembe kidogo.

Maana Silvanus, mtu mwema asiyeweza kukanyaga hata siafu, ndiye aliyekuwa anamwaibisha baba yangu mbele ya watu, Jumapili baada ya Jumapili, na hakuwa na habari.

Baba yangu ni Mwalimu Mwandawiro. Shule hajawahi kufundisha. Ualimu wake ni wa kwaya. Kinanda cha kanisa amekipiga tangu enzi za kile cha kukanyaga kwa miguu hadi hiki cha umeme, na hakuna mtu aliyeolewa au kuzikwa upande wetu bila vidole vyake. Mimi, Tryphena, ndiye kitinda mimba wake. Nina kibanda changu cha ufundi Voi, natengeneza redio, televisheni na simu za watu wasio na shukrani, na inasemekana ulimi wangu una moto kuliko chuma ninachoyeyushia risasi. Hapo wametia chumvi, lakini si nyingi.

Miaka michache iliyopita nilikiunganisha kinanda cha baba na kompyuta, nikamwambia apige nyimbo zote anazozijua. Sikurekodi sauti. Nilihifadhi vidole vyenyewe: amebonyeza wapi, kwa nguvu gani, ameachia lini. Nilifanya kwa mchezo tu. Mwaka uliofuata kiharusi kikamshika upande wa kulia, mkono ukalala, na kinanda kikafunikwa shuka jeupe.

Sikukubali. Nikanunua kikompyuta cha bodi moja, kile kidude kisicho na skrini wala kasha, kidogo kama pakiti ya majani chai, nikakifunga chini ya kinanda. Kwenye memori kadi yake nikatia vidole vya baba. Mwongoza kwaya anabonyeza namba ya wimbo, na kinanda kinapiga chenyewe, vilevile alivyokuwa akipiga yeye, hata kale kamchezo kake ka kuchelewesha noti ya mwisho ya ubeti ili waimbaji wavute pumzi. Jumapili ya kwanza kanisa zima lililia. Baba aliketi kando ya kinanda, mkono wa kushoto juu ya ubao, akitikisa mguu. Alikuwa amerudi kazini.

Jumapili ya pili kinanda kilinyamaza.

Nilipanda kutoka Voi, nikafungua, nikakuta kadi imeharibika. Nikaiandika upya, ikapiga. Jumapili iliyofuata, kimya tena. Sikuhitaji mganga. Kompyuta, hata iwe ndogo namna gani, haizimwi kama taa. Ukiiambia izime, inafunga kazi zake moja moja, inaandika la mwisho kwenye kadi, inaifunga kadi, ndipo inalala. Ukiikatia umeme katikati ya kuandika, kadi inabaki na nusu ya neno, na ikiwashwa tena haijui hata ianzie wapi. Na Silvanus alikuwa akiikatia kila wiki, kwap, kwa jina la Bwana.

Nikabandika karatasi kwenye meni: USIZIME. Nikaikuta imebanduliwa na kukunjwa vizuri juu ya meza.

"Mwanangu," Silvanus akaniuliza, "hii karatasi ni wewe umeandika?"

"Ni mimi, mzee."

"Basi andikia radi nayo. Ikikubali kukaa nje, mimi nitaacha swichi."

Nikamfundisha Daisy, mwongoza kwaya mpya, awe anaizima mashine kwanza kwa kubonyeza namba fulani, asubiri, ndipo Silvanus avute. Lakini Daisy ana watu wa kusalimia, na mkono wa Silvanus hauna subira. Wiki moja walipatana, wiki mbili wakasahau.

Ndipo ikaja siku ya kipaimara. Kanisa limejaa wageni hadi madirishani, Daisy akabonyeza namba na hakuna kilichotoka. Akabonyeza tena. Mwishowe akaanzisha wimbo kwa mdomo, juu mno, na sauti ya kwanza wakapasua kama kuku aliyeshikwa bawa. Mtu akacheka. Kisha wengi wakacheka. Baba alikuwa palepale kando ya kinanda, mkono juu ya ubao, na uso wake nauona hata sasa. Nje uwanjani Daisy akasema, wala hakupunguza sauti, "Tumechoka kuongozwa na kinanda maiti. Si tutafute tu mtu ako na mikono?"

Baba alisikia. Alipofika nyumbani akavua koti la kanisa, akalitundika, akasema, "Sirudi huko. Nitarudi siku hicho kitu chako kitajua kuondoka na adabu."

Na kweli hakurudi. Jumapili zikaja, yeye akabaki kwenye kiti chake uani akisikiliza kengele. Mtu ambaye kanisa lile halikuwahi kuimba bila yeye! Iliniuma, na sitaificha: nilimchukia Daisy, nikamchukia Silvanus, nikaichukia na ile bodi.

Kamati ikakaa. Wakaamua kungoja mpaka ibada ya Mavuno. Mashine ikishindwa tena siku hiyo, kinanda cha baba kitapelekwa stoo, na kijana mmoja aitwaye Musyimi, mwenye kinanda chake na mikono yake miwili, atachukua nafasi. Daisy mwenyewe ndiye aliyenipigia simu.

"Usikasirike, dada. Ni kwaya tu."

Ni kwaya tu. Mwambie samaki kwamba ni maji tu.

Nikaweka betri ndogo chini ya kinanda, pamoja na waya mwembamba wa kunusa umeme wa meni. Silvanus akivuta swichi, waya unaiarifu bodi kwamba umeme umekwenda, nayo inaanza kujizima yenyewe huku betri imeishika. Jumapili ikapita, nikaikagua: kadi nzima, salama salimini. Nikateremka Voi nikiimba.

Wiki iliyofuata nikaimba wimbo mwingine. Bodi hizi zikishalala haziachi kula. Unaona imezima, hakuna inachofanya, kumbe taa yake nyekundu inawaka na inanyonya betri kidogo kidogo, Jumatatu, Jumanne, wiki nzima, kama shemeji aliyekuja kusalimia tu. Ilipofika Jumapili betri ilikuwa imekauka, muda wa ibada haukutosha kuijaza, na Silvanus alipovuta hakukuwa na kitu cha kuishika bodi. Kadi ikafa tena. Nikaiandika upya kabla mtu hajajua.

Kwa hiyo nilikwama kati ya vifo viwili. Umeme ukikatwa mapema, kadi inakufa. Usipokatwa, betri inakufa. Ilitakiwa ukatwe bodi ikishazima, si kabla.

Nikaenda kwa Ridha, anayeuza vipuri vya umeme pale Voi karibu na soko. Wazee wake walipanda kutoka pwani zamani, na mdomo wake haujawahi kuhama.

"Tryphena! Memori kadi tena? Hizi kadi wazila ama wazipanda shambani?"

"Ridha, leo sina mzaha. Nataka njia ya kukata betri bodi ikishazima."

"Tia saa. Umeme ukitoka ihesabu dakika, kisha ikate. Yamekwisha."

"Na siku ikichelewa kuzima? Siku zingine inafunga haraka, siku zingine inajivutavuta."

"Tia dakika nyingi basi."

"Na stima ikirudi hapo katikati, bado inazima?"

Akakuna ndevu. "Ah, sasa wanitafuta ubaya. Kaa unywe kahawa."

Nikanywa kahawa yake, nikaondoka bila jibu. Saa ni kukisia, na sikuwa tena na nafasi ya kukisia. Mavuno yalikuwa yamebakiza wiki moja. Jumamosi hiyo nikapanda Mwanda, kichwa kizito, mikono mitupu.

Nilimkuta Silvanus uani kwetu, amekuja kumbembeleza baba aje kwenye Mavuno. Walikuwa wameshakula kimanga, ule ugali wetu wa muhogo na maharage, wamekunywa chai, wamezungumza mvua, mahindi na magonjwa ya ng'ombe, kila kitu isipokuwa kinanda. Mwishowe Silvanus akakitaja. Baba akatikisa kichwa. Hapo mgeni akaanza kuaga.

Ninyi mnaotoka kwingine huenda hamjui kuaga kwetu. Silvanus alisema, "Haya, mimi naenda," akabaki ameketi. Baadaye akasimama, akakumbuka habari ya ng'ombe wa mtu fulani, akaketi tena. Wakaomba. Wakasimama mlangoni wakamalizia yale ya ng'ombe. Kisha baba akachukua fimbo amsindikize, mguu mmoja ukiburuta, na nilipomwambia apumzike nitamsindikiza mimi, alinitazama kana kwamba nimemtukana. Wakatembea hadi kwenye lango la ua wa michongoma, wakaagana upya kabisa. Silvanus akashuka na njia. Lakini baba hakufunga lango. Alisimama ameshika komeo, akimwangalia. Njia ile inapita chini ya matuta ya mashamba, mtu anapotea, anatokea, anapotea tena, na baba hakujali kama ni muda mrefu au mfupi. Alipofika kwenye kona ya mparachichi, Silvanus akageuka, akainua kofia. Hapo ndipo baba alipofunga lango na kushusha komeo.

Mimi nilikuwa nimeuona mwavuli wa Silvanus umebaki kwenye kiti, nikauchukua. "Mzee Silva..." nikaanza kupaza sauti.

"Nyamaza!" Baba akanikata. "Mtu akishaaga haitwi kwa nyuma. Unataka apate mkosi njiani? Mwache aende. Akiukumbuka atarudi, atabisha hodi upya, na sisi tutamfungulia upya."

Nikabaki nimeushika mwavuli. Kisha nikaanza kucheka, na baba akadhani namcheka yeye.

"Unacheka nini?"

"Baba," nikamwambia, "umenitengenezea mashine."

Jibu lilikuwa pale langoni. Baba hakuhesabu dakika; alingoja kofia. Sasa, ile bodi ina miguu midogo ya chuma imepangwa pembeni, na mguu mmoja waweza kuuamuru ubaki na umeme muda wote bodi iko hai, uushushe mwisho kabisa, kadi ikishafungwa. Huo ndio ungekuwa kofia yake. Umeme wote unaoingia kwenye bodi, wa meni na wa betri, nikaupitisha kwenye rilei, ile swichi ndogo inayovutwa na umeme badala ya kidole, na rilei nikaifanya imtii mguu huo. Mguu ukiwa juu, lango liko wazi. Mguu ukishuka, rilei inaachia, ta! Komeo limeshuka na betri haitoi hata tone. Na umeme wa meni ukirudi wakati bodi iko njiani kuzima? Haiitwi nyuma. Iende, izime, lango lifungwe. Ndipo umeme wa meni, ukilikuta limefungwa, ulisukume mara moja lifunguke, nayo iwake kama mgeni mpya.

Wiki ile kibanda changu hakikutengeneza redio ya mtu. Navuta swichi, nangoja, ta! Narudisha, inawaka. Navuta, narudisha haraka kabla haijamaliza, nauma kucha, ta! Kimya kidogo, ta! nyingine, inawaka. Wateja walisimama nje wakinitazama ninavyojipigia makofi peke yangu. Ridha akapita, akausikia ule mlio, akasema, "Mashaallah, kama mtu afungaye kitasa cha nyumba yake." Jumamosi nikaifunga yote chini ya kinanda.

Baba hakulegeza uzi. "Ikiaga na adabu nitasikia," akasema.

"Utasikia aje na uko hapa uani?" nikamjibu, nikaingia ndani nimefura. Kiburi nimekirithi kwake, na hakikupungua njiani.

Aliyemtoa ni Silvanus. Asubuhi ya Mavuno alikuja na suti yake ya kahawia, akasimama langoni, hakuingia, akamwamkia kwa Kitaita.

"Kwawuka, Mwalimu. Umenisindikiza miaka hiyo yote. Leo mimi ndio nakusindikiza, na ni kwenda. Utanikatalia?"

Mtu wa namna hiyo humkatalii. Baba akaitisha koti.

Kanisa lilinukia ndizi mbivu na udongo wa viazi. Miwa imeegemezwa kwenye nguzo, maboga yamepangwa hadi miguuni pa kasisi, na jogoo mmoja aliyefungwa mguu karibu na mimbari alikuwa hakubaliani na mahubiri. Baba aliketi mahali pake kando ya kinanda, nami nikaketi ubavuni mwake. Kwenye benchi la mwisho alikuwa Musyimi, kinanda chake kwenye begi kati ya magoti, anatafuna chingamu, mtoto wa watu asiye na kosa. Daisy ndiye aliyemwita. "Akae tu hapo," aliniambia mlangoni. "Huwezi jua."

Nyimbo za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha mawingu yakatushukia, maana mvua ya vuli haifuati ratiba ya kanisa. Kasisi ndiyo kwanza anatangaza wimbo wa kutoa mavuno, wimbo aliotunga baba mwenyewe, ngurumo ikapasuka juu ya paa. Silvanus hakungoja Amina. Nilimwona akikimbia, na kwap! Kukawa na giza mchana.

"Mzee Silvanus!" Daisy akapiga kelele. "Bado tunaimba! Rudisha stima!"

Silvanus maskini, kwa kushtuka, akairudisha papo hapo. Taa zikawaka. Watu wakashusha pumzi. Daisy akabonyeza namba.

Kimya.

Akabonyeza tena. Kimya. Umeme ulikuwa umetoka na kurudi wakati bodi ndiyo kwanza inaanza kufunga kazi zake, na hilo ndilo nililoliogopa kuliko yote. Watoto wenye vikapu vya mahindi walikuwa wamesimama katikati ya kanisa, hawajui waende au warudi. Mtu huko nyuma akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Nikasikia zipu ya begi la Musyimi ikifunguka polepole. Na baba alikuwa ameshashika fimbo yake, anainuka. Nilijua akitoka kwa mlango ule sasa, hataingia tena mpaka siku ya kubebwa.

Nikamshika koti.

"Baba. Ameshaaga. Usimwite nyuma."

Akanitazama. Mdomo wake, ule upande unaosogea, ukasogea kidogo. Akaketi.

"Ngojeni!" nikaliambia kanisa zima, kwa sauti ninayowatengea wateja wasumbufu. "Hakuna mtu kuimba! Musyimi, funga hiyo begi yako! Ngojeni!"

Wakangoja. Mvua yenyewe ilikuwa bado haijaanguka, na hata jogoo alinyamaza. Chini ya kinanda taa ndogo ilikonyeza, ikakonyeza, ikakonyeza. Taa ikazimika.

Ta!

Mlio mdogo, mkavu, safi. Lango limefungwa. Nikahesabu pumzi zangu, nikapoteza hesabu. Kisha, ta! ya pili, na taa ikawaka.

"Sasa inavaa viatu," nikamnong'oneza baba.

"Iache ivae," akajibu.

Ilipokuwa tayari nikampa Daisy ishara. Akabonyeza namba. Na vidole vya baba vikaingia.

Viliingia vile alivyokuwa akiingia yeye siku zake za nguvu, besi kwanza, nzito, kama mtu anayepanda mlima bila haraka, halafu sauti za juu zikamfuata. Kwaya ikaingia, kanisa likaingia, na watoto wakaanza kutembea na vikapu vyao. Baba akasimama. Fimbo ikaanguka chini na hakuiokota. Akainua mkono wa kushoto, ule mmoja aliobakishiwa, akaanza kuongoza. Daisy, na hapo nikamsamehe nusu, akasogea pembeni akampisha. Tulipofika mwisho wa ubeti noti ikachelewa, kale kamchezo ka zamani, na kanisa zima likavuta pumzi pamoja na baba. Kina mama wakapiga vigelegele ndani ya ibada na kasisi hakuwakataza. Ngurumo ya pili ilisikika mbali, imeshavuka upande wa Kishushe. Silvanus akatoa kichwa dirishani, akaipima, akaachana nayo, akaimba machozi yanamtoka. Musyimi alikuwa amekuja mbele kuchungulia chini ya kinanda, akasahau kuinuka, akaimba besi akiwa amechuchumaa. Mimi nililia waziwazi na wala sikujifuta. Tulishinda! Tulishinda, na kila mtu mle ndani alijua.

Ibada ikafika mwisho. Kasisi akasema "Amina," na kwa mara ya kwanza tangu yule mbuzi afe, hakukusikika kwap. Watu wakageuka. Silvanus alikuwa kwenye mlango wa chumba chake, mkono mmoja umeingia ndani umeshika swichi, anamtazama baba.

"Mwalimu," akaita, "naomba ruhusa."

"Vuta!"

Kwap. Taa zikazimika, na hakuna mtu aliyeondoka. Tulisimama katika mwanga wa madirisha, wazee, kwaya, watoto, Musyimi na chingamu yake, tukikisikiliza kinanda. Baba alisimama mbele yake ameshika lile shuka jeupe, vilevile alivyosimama langoni ameshika komeo. Hakulifunika. Hakuharakisha.

Ta.

Kanisa likalipuka kwa makofi. Baba akakitandikia kinanda shuka lake, akalinyoosha pembe moja kwa mkono mmoja, akachukua kofia yake kitini, akakiinulia, akaivaa.

"Ameaga vizuri," akamwambia Daisy. "Sasa Jumamosi mje mazoezi mapema. Sauti ya kwanza bado mnapayuka."